Zamu ya Jicho la Mirriam

Ijumaa mchana, katika chumba cha madereva mtaa wa Al-Naseem, Riyadh, Hezekiah alikuwa anasonga ugali. Alfayo, mlinzi wa ghala, alikaa kitandani ameshika shavu. Jino lilikuwa limemkosesha usingizi, na bima yake haikuwa na habari na meno.

"Kadi yako inalipa meno?" Alfayo akauliza.

"Inalipa kila kitu. Hata miwani."

"Na hujawahi kuumwa hata kichwa. Hiyo ni dhambi, ndugu yangu."

Ilikuwa kweli. Hezekiah alipokuwa anahamia Saudia, kampuni iliyomwajiri ilimpa achague: bima nono na chumba cha kulala wanne, au bima hafifu na chumba chake peke yake. Mama yake akamwambia kwa simu, "Chagua bima. Chumba hakitibu mtu." Akachagua, akaja, na hewa kavu ya Riyadh ikamkubali mpaka ikawa kero. Wenzake walikohoa, yeye akanenepa. Kadi ilikaa ndani ya pochi miaka miwili, mpya kama sahani za wageni.

"Basi nibebee hili," Alfayo akasema, akamnyooshea mkono kama mtu anayepitisha chumvi. Hezekiah akapokea. Maumivu yakahama hapo hapo, tundu la jino nalo likafuata. Alfayo akavuta sahani, akala nusu ya sufuria. Kesho yake Hezekiah akaenda hospitali, akazibwa jino, akarudi kazini.

Jambo kama hilo halifichiki. Wakenya wawili wakikutana ugenini tayari ni chama, na hawa walikuwa wengi. Charity, msusi wa saluni, akajiteua mwenyekiti na hakuna aliyethubutu kumpinga. Nyumbani wanachama hupeana michango kwa zamu. Hapa walipeana Hezekiah. Wiki hii alibeba mgongo wa Duncan, wiki ijayo vidonda vya tumbo vya Valentine. Daktari, Mmisri mpole, alipima tu na kuandika dawa. "Goti hili limepanda ngazi nyingi kuliko wewe," alimwambia siku moja. Watu wa bima walipiga simu kuuliza kama kweli ana magoti matatu. Akasema ndiyo. Wakamtakia afya njema.

Hezekiah alikuwa na raha zake. Kila aliyepona alimpikia, na hapakuwa na mtu Al-Naseem nzima aliyeulizwa hali mara nyingi kama yeye.

Bosi wake alikuwa na shughuli Jeddah, kwa hiyo mara kwa mara Hezekiah alimpeleka huko, mpaka kwenye nyumba moja ya mtaa wa Al-Hamra. Nyumba ya jirani ndiko alikofanya kazi Mirriam, mjane kutoka Kisii, mama wa kijana mmoja. Walijuana siku aliyotoka kutupa taka akamkuta Hezekiah anaosha gari huku anaimba wimbo wa kanisani, tena anaukosea. Alimsahihisha, wakawa marafiki. Kwamba Hezekiah alimpenda, chama kizima kilijua. Aliyebaki kujua ni Hezekiah.

Safari moja Mirriam alitoka getini akasimama, akakodoa macho.

"Heze, ni wewe au ni nguzo?"

"Ni mimi."

"Afadhali. Jana nimeisalimia nguzo mpaka nikaiuliza habari za watoto."

Wakacheka. Halafu akamwambia yote bila kuzunguka. Alikuwa na mtoto wa jicho, la kulia limeshafunga, la kushoto limeanza. Alikuwa ameunguza kanzu ya baba mwenye nyumba mara mbili, na madam amesema akikosea tena, halas, basi, anakatiwa tikiti ya kurudi kwao. Griffins, mwanawe, alikuwa kidato cha mwisho na hakuwa na mzazi mwingine. Mirriam alikwenda hospitali na kadi aliyochaguliwa na madam. Pale mapokezi wakamweleza kwa upole kwamba kadi hiyo ni ya dharura. Angeanguka ngazini akapasua jicho, wangempokea mbio. Jicho linalofifia polepole si dharura.

"Naogopa, Heze. Naogopa hata kumimina chai."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ni dereva, jamani. Nikuombe macho, ule nini?"

"Hujaomba. Lete."

Mirriam alikataa, kwa kuwa wiki ile ilikuwa zamu ya Dalmas na bawasiri yake, na foleni ni foleni. Hezekiah akampigia Charity. Charity akapiga tena baada ya muda mfupi: "Dalmas amekubali kusimama wiki moja zaidi."

Basi Mirriam akaweka viganja juu ya macho ya Hezekiah, na ukungu ukahama. Akamtazama sana.

"Kumbe una mvi!"

"Hizo ni zangu. Hakuna aliyenipa."

Mirriam akalia kwa furaha, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akatazama tena. Hezekiah yeye aliona ukungu mtupu. Akapapasa ukuta mpaka kwenye gari, akamwambia bosi kwamba leo hawezi kuendesha, amebeba macho ya mtu. "Yalla, twende, keti nyuma," bosi akasema, akashika usukani mwenyewe mpaka Riyadh. Njiani alimuuliza tu kama kiyoyozi kinamtosha.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alisema macho hayo yamepiga pasi miaka mingi, akayasafisha, kadi ikalipa.

Hezekiah aliporudi Al-Hamra, Mirriam alimwona kuanzia mwisho wa barabara akampungia mkono. Habari alizokuwa nazo zilikuwa mbili. Griffins alikuwa anaendelea vizuri shuleni. Na madam alikuwa ametoka kuhuisha bima: alitazama zote, akachagua ile ile ya chini, maana Mirriam siku hizi anaona mpaka sindano zuliani, ya juu ni ya nini.

Hezekiah akafungua mdomo kujibu, akapiga chafya.

"Ya nani hiyo?" Mirriam akauliza.

"Yangu," akasema kwa fahari, pua inachuruzika. "Nimeipata mwenyewe. Ya kwanza tangu nije."

"Peleka hospitali basi."

"Charity amekataa. Kadi inamsubiri Dalmas, na foleni ni foleni."

Mirriam akanyoosha mkono. "Lete."

"Kadi yako hailipi mafua."

"Najua. Lete, Heze. Wewe hujawahi kubebewa."

Akampa. Mirriam akapiga chafya, akacheka, akapiga nyingine, akarudi jikoni kwa sababu wageni wa madam walikuwa njiani na sambusa hazijakunjwa. Hezekiah akabaki getini mzima kabisa, na kwa mara ya kwanza uzima ukamuuma.