Panzi Mwenye Mlango wa Kulia

Usingizi unamkamata Mihayo mchana kweupe, barazani kwa Nyamizi, picha mkononi na kioo cha kukuzia kimelala tumboni, na mtu akimwambia anasinzia atabisha, maana anajiona yuko macho kabisa na bado anaikodolea ile ndege. Ameikodolea tangu asubuhi. Mzee huyu amevingirisha mapipa ya mafuta katika viwanja vya ndege kuanzia Tabora mpaka ng'ambo ya Kongo, shule aliiokota vipande vipande njiani, darasa moja hapa, jingine kule, lakini mletee picha iliyofifia ya ndege ambayo hata walioiunda wameisahau, atakutajia jina lake kwa kuangalia magurudumu tu. Hii aliijua papo hapo. Mabawa yamepandana mawili mawili, magurudumu yamevishwa kama suruali, pangaboi liko nyuma badala ya mbele. Wavingirisha mapipa waliziita Panzi, na zilikuja mbili tu, moja mlango ubavu wa kulia, moja wa kushoto, zikaondoka Tabora juma moja kuelekea kusini. Ya mlango wa kulia ilifika salama. Ya mlango wa kushoto ilianguka vinamasini na hakutoka mtu. Sasa, pichani, kwenye kingazi kilichoshikwa na vijana, amesimama Kasanda, babake Nyamizi, anaaga, na mlango anaouingia ni wa kulia. Basi alifika. Alifika, hakurudi, hakuleta hata salamu, na mkewe Kalunde, ambaye siku ile alikuwa ndani na kichanga, ameitwa mke aliyetupwa mpaka kichwa kimekuwa cheupe. Mawifi zake wanasema picha yenyewe inasema, tazama, anaaga kwa mkono wa kushoto, na mtu akikuaga kwa kushoto amekwisha kukutema. Hakuna aliyemwekea Kasanda matanga. Leo Kalunde yuko kitandani na hali yake si nzuri, na Nyamizi amesema, Mzee Mihayo, jina la ndege mimi halinisaidii, niambie kama baba alikufa au alitukimbia, mama asiondoke na swali. Kisha akaenda jikoni kukoroga uji. Mihayo hana moyo wa kumfuata na neno hilo moja, kulia. Tena kuna kitu pichani hakikai sawasawa, hakijui ni nini, na kinamkera kama mchanga kwenye wali. Anainamia karibu zaidi, karibu zaidi tena, pua inagusa karatasi, karatasi inalegea kama maziwa yanayoganda, na yeye anavuka ukingo mweupe na kutua uwanjani.

Uwanja hauna mwisho. Anatembea kati ya mawe yaliyopakwa chokaa, na kila akidhani ameufikia mkia wa ndege, mkia unasogea, uwanja unaanza upya, mawe yale yale, jua lile lile la kijivu. Kando yake anatokea mtu wa kofia ya rubani, na chini ya kofia hakuna uso, ni laini tu kama yai lililomenywa. Mihayo anamsalimu kwa adabu, yule anamnyooshea mkono wa kushoto. Mihayo anarudisha wake mfukoni. Wewe bwana, anasema, kwenu hamkufundwa? Mtu mzima unampa kushoto? Asiye na uso anasema, nimekupa ule ule ulionipa. Mimi nimekupa wa kulia, anasema Mihayo. Kulia kwa nani, anauliza yule. Mihayo anapumua kwa nguvu. Nisikilize, sikuja kutegewa vitendawili, nina mgonjwa ndani, nataka kujua hii Panzi mlango wake uko wapi. Mlango uko pale anapoingia mtu, anajibu asiye na uso, na Mihayo anatamani kumzaba kofi, ila hajui alizabe wapi.

Wanafika mji ambao si mji, ni Tabora iliyogeuzwa kama shati, stesheni iko upande wa soko na soko liko upande wa stesheni, na vibao vya maduka vimeandikwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kusoma kwake kwenyewe ni kwa kushikilia ukuta, leo hata ukuta haupo. Mama mmoja muuza chai, naye bila uso, anammiminia kikombe cha tangawizi na kumpa kwa kushoto. Hata wewe mama, anasema Mihayo. Kunywa babu, unachelewesha wateja, anasema mama muuza chai. Wateja gani, hapa hamna mtu. Ndiyo maana nasema unawachelewesha. Anakunywa kwa hasira, anaungua ulimi, joto linampanda, anataka kufungua shati apate hewa, na vidole vinakataa. Vifungo viko upande mwingine. Amefunga na kufungua shati hili miaka nenda rudi na sasa anahangaika nalo kama mtoto. Nani amenivalisha blauzi, anauliza. Asiye na uso anasema, hakuna aliyekuvalisha, hapa hakuna mkorofi hata mmoja, wewe ndiye uliyeingilia mgongoni. Mgongoni mwa nini? Mwa kile ulichoingia. Mihayo anatazama kikombe, anatazama kibao, anatazama vifungo vyake. Mgongoni mwa picha. Mtu aliyeichapa picha hii aliuweka ule utepe wa filamu nyuma mbele, akachapa kilichokuwa kushoto kikawa kulia, na watu wakakaa nayo, wakaisoma, wakamhukumu mtu nayo. Na wewe ulijua muda wote huu, anamwambia asiye na uso. Hukuniuliza hilo, anajibu yule, uliniuliza mlango.

Anakimbia. Magoti hayataki lakini anakimbia, na safari hii uwanja unakubali kufupika. Panzi imekwisha kuwashwa, pangaboi la nyuma linapiga vumbi, na kijana mwembamba yuko kwenye kingazi. Kasanda, anaita Mihayo, shuka, hiyo ndiyo ya vinamasini, shuka mwanangu. Kasanda anageuka. Yeye peke yake ana uso huku, uso wa mtu mwenye haraka na mwenye furaha, wa mtu aliyepata mtoto juzi. Mzee, sogea, anasema, umesimama kwenye upepo, kofia yako itachukuliwa. Mkeo anakungoja, anasema Mihayo. Najua, anasema Kasanda, narudi wiki ijayo, nimemwambia asimtoe mtoto nje mpaka nije. Na anainua mkono kumuaga mtu ambaye hayupo uwanjani, na Mihayo akiwa huku ndani anauona mkono ule ulivyo. Ni wa kulia.

Mzee Mihayo, uji, anasema Nyamizi, na bakuli liko mbele yake. Anamwambia, weka chini, chukua kioo, macho yangu yamechoka, nitazamie mashati ya hao vijana walioshika ngazi. Nyamizi anainama, anatazama, anatazama tena. Anacheka kidogo, mbona wote wamevaa vya kike? Vifungo vimelalia upande wetu. Wote? Wote, mzee. Basi Mihayo anamweleza taratibu, picha imechapwa kinyume, mlango ni wa kushoto, ndege ni ile iliyoanguka, na baba yako, binti yangu, aliaga kwa mkono wa heshima, alikuwa anarudi. Nyamizi anasimama na kioo mkononi, haweki chini, anaingia nacho ndani. Kisha sauti ya Kalunde, ambayo haijasikika vizuri siku hizi zote, inauliza, alikuwa anarudi? Halafu kilio kinatoka, kirefu, kilichokaa ndani tangu ujana, na majirani wanaanza kuingia uani, na mtu anauliza mikeka iko wapi, tunaweka matanga.

Mihayo anajifinya paja. Linauma, lakini hata kule ulimi uliungua, na mpaka sasa umebabuka na una ladha ya tangawizi, na nyumba hii tangu asubuhi haijapika chai. Anawahesabu watu nyuso mlangoni, zote zipo, ila nyuso nazo zinaweza kuotwa. Amechoka kuulizwa na kuuliza. Anaegemea nguzo, anafumba macho nusu. Haya, anamwambia yeyote anayesikia, kama nimelala, msiniamshe mpaka mama huyu amalize kumlilia mumewe.