Kompyuta Iliyofunikwa Manzese

Homa ya Lulu haikushuka. Dawa mbili zilikuwa zimeshindwa, na daktari wa hospitali hiyo ndogo ya Temeke alitaka majibu ya kipimo cha damu kabla ya kuchagua ya tatu. Majibu yalikuwapo Manzese, ndani ya kompyuta ya maabara, lakini maabara ilikuwa imefungwa. Wafanyakazi wake wote walikuwa wamekwenda Kisarawe kumzika mama wa mwenzao.

Herieth, fundi wa kompyuta wa hospitali, alimpata Suhaib wa maabara kwenye simu.

"Shikamoo, dada," Suhaib alinong'ona. "Mie niko makaburini, na funguo ninazo mfukoni."

"Marahaba. Majibu ya Lulu umeyatuma?"

"Nimeyaandika tu. Nilisema nitayatuma nikirudi."

"Na kompyuta?"

"Nimeizima, nikaifunika kitambaa."

"Umeizimaje?"

"Si kile kitufe cha kwenye kioo?"

"Hapo umezima kioo tu, mdogo wangu. Kompyuta inawaka."

"Dada, nisamehe, mie siku zote nafanyaga hivyo."

"Leo usiombe radhi. Rudi kwenye maziko."

Mwajabu, mama yake Lulu, alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha seva, sanduku jeusi kuukuu lililotunza kumbukumbu za hospitali na za maabara. Kwa kawaida kompyuta ndizo zilizokuwa zikiiomba kumbukumbu, nayo ikijibu. Herieth alimweleza kuwa inaweza pia kuziamuru, mradi ziwe zinawaka na programu yao ndogo ya kupokea amri iwe wazi. Aliandika mstari mmoja: nakili faili la Lulu, lilete huku. Akabonyeza.

"Kule kuna mtu?" Mwajabu aliuliza.

"Hakuna."

"Na mlango?"

"Una kufuli."

Feni pekee ndiyo iliyosikika. Mwajabu alikiwaza chumba kile: giza, kioo cheusi, kitambaa kimetulia, na chini ya meza mashine inapekua mafaili yake bila kidole cha mtu. Bila kujua, alikuwa amevua kandambili.

Faili likatokea. Printa ikatoa karatasi moja. Daktari aliisoma akiwa amesimama, akataja dawa, na muuguzi akaenda kuichukua.

Mwajabu alibaki akiitazama seva.

"Niishukuru?"

"Haisikii," Herieth alisema.

"Mbona ya Manzese imesikia."

Mwajabu akaenda wodini. Dripu ya dawa mpya ilikuwa imeanza kushuka.