Kuku Waliosahau Kutembea

Alfajiri ile Mama Trei aliwatoa kuku wake vizimbani mmoja mmoja, kwa mikono miwili, kama mtu anayeepua vyungu vya moto. Walikuwa tisini na sita. Alipofika wa thelathini kiuno kilikuwa kinalia, lakini wageni walikuwa wanakuja saa tatu, na uongo alioupanda miezi miwili nyuma ulikuwa umeiva. Ulitaka kuvunwa.

Uongo wenyewe ulianza hivi. Chuo cha ualimu kilichokuwa ng'ambo ya barabara kilikula mayai yake tangu mumewe yu hai. Mpishi mkuu wa pale alikuwa dada yake wa tumbo moja, mwanamke mnene wa maneno machache ambaye wapishi wenzake walimwita Jemadari. Kisha wakaja watu wa kampeni ya kutetea wanyama. Hawakuja na matusi, walikuja na picha: kuku wanne ndani ya kizimba cha waya ambacho ungekifunika kwa gazeti moja, hakuna hata mmoja anayeweza kukunjua bawa. Wakamwonyesha mkuu wa chuo, akasema atafikiri. Wakarudi mwezi uliofuata, wakaambiwa yuko mkutanoni. Wakakaa kwenye benchi nje ya mlango wake mpaka mkutano ukachoka wenyewe. Wanachuo nao wakaanza kuyaacha mayai kwenye sahani. Mwishowe mkuu akatia sahihi: jiko la chuo halitapokea tena yai la kuku wa kizimbani.

Jioni ileile Jemadari akaja kwa mdogo wake, akavua viatu, akakaa kwenye kigoda anasugua nyayo. Akauliza, "Na wako wanakaaje?"

Mama Trei angeweza kusema kweli, wala haikuwa na miiba. Vizimba vile vilisukwa na marehemu kwa mkono wake, na yeye hakuwahi kuviona kuwa ni kosa. Kuku anakula, anakunywa, anataga. Anataka nini tena, kiti cha kuegemea? Lakini dada yake aliuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka anayeomba jibu jema. Ulimi ukateleza.

"Wangu nimeshawafungulia, dada. Wanatembea chini wanavyotaka."

Jemadari akavaa viatu vyake akaondoka na jibu lile kama mtu aliyepewa maji ya kunywa. Kesho yake akasimama kikaoni, mbele ya mkuu na watu wa kampeni, akamdhamini. Alisema huyo nimembeba mgongoni tangu hajaota meno, akisema kitu kimesemwa. Wakaandika jina la Jemadari kwenye karatasi.

Tangu siku hiyo Mama Trei alisema kila Jumatatu kwamba wiki hii haipiti. Alinunua fito za kuku kulalia, akaziegemeza ukutani, buibui akazipata kabla ya kuku. Mayai yaliendelea kuvuka barabara. Ndipo ikaja habari kwamba binti wa kampeni atapita kuona mabanda, na la kwanza ni lake.

Basi alfajiri hiyo akaburuta vizimba hadi nyuma ya nyumba, akavifunika turubai. Akamwaga maranda mapya ya fundi seremala sakafuni, banda zima likanukia mbao. Akatundika fito. Akamweka kuku wa mwisho chini, akajifuta jasho, akangoja watawanyike.

Hawakutawanyika. Kila alipomweka kuku, hapo ndipo alipobaki. Walisimama wamebanana wannewanne, vifua mbele, kama wanafunzi waliokatazwa kutoka kwenye mstari. Akawasukuma kidogo kwa mguu, walipepesuka, wakakaa. Akawamwagia punje hatua mbili mbele yao. Wakanyoosha shingo, wakanyoosha tena, zile shingo zilizonyonyoka manyoya kwa kusuguana na waya, wala hawakuinua mguu. Waya haukuwapo tena, lakini wao walikuwa bado wanauona. Mmoja akataga palepale aliposimama, kisha akaliangalia yai kwa jicho moja, akishangaa mbona halibingiriki likaenda zake kama kwenye sakafu ya kizimba iliyoinama.

Mama Trei akajiambia labda wana usingizi.

Saa tatu Jemadari akaingia na aproni nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mistari ikasimama. Nyuma yake binti wa kampeni, amevaa mabuti ya mpira, daftari kwapani. Binti akaamkia, shikamoo mama, akasifu hewa ya banda. Akatazama maranda yale, meupe pe, hayana hata doa la kinyesi. Akachuchumaa, akamwinua kuku mmoja, akamgeuza miguu. Kucha zilikuwa ndefu, zimejipinda kama ndoana, maana hazijawahi kukutana na udongo.

"Hawa wametoka vizimbani lini?" akauliza kwa upole.

Jemadari akamjibu kabla mdogo wake hajafungua kinywa. "Miezi miwili sasa."

Binti akamtazama. Hakumbishia, ila kalamu aliyokuwa ameitoa akairudisha mfukoni, na Mama Trei akaona ni nani anayehesabiwa kuwa mwongo humu ndani. "Wewe mwenyewe, mama, uliwaona?"

"Sikuwaona kuku," Jemadari akasema. "Nilimwona yeye. Kwangu inatosha."

Mama Trei alitamani dada yake angekohoa tu, au angesema sijui. Alitazama vidole vyake, unyoya umenasa kwenye ukucha wa kidole gumba, wa asubuhi hiyohiyo.

"Nimewatoa leo," akasema. "Alfajiri. Dada hakujua."

Kuku mmoja alinyoosha shingo, akairudisha. Jemadari akainama polepole, akaokota kipande cha maranda kilichong'ang'ania kiatu chake, akakiangalia, akakitupa.

"Vizimba viko wapi?" dada yake akauliza.

Ikambidi awaongoze mwenyewe hadi nyuma ya nyumba, ashike pembe ya turubai na kulifunua mwenyewe. Manyoya yalikuwa bado yamenasa kwenye waya, mengine yana damu iliyokauka. Miaka yote alipita pale na ndoo asiyaone. Leo, na macho ya dada yake begani, aliyaona moja moja.

Binti hakumkemea. Alisema si wa kwanza kuficha, akamwonyesha kwamba fito ziko juu mno, azishushe zifike gotini, kuku watajifunza, wengine kwa siku, wengine kwa wiki. Lakini jiko halitapokea mayai yake mpaka arudi kuona, na ataandika alichokiona. Mama Trei akaitikia ndiyo, ndiyo mwanangu. Angepigwa kofi ingekuwa nafuu. Alipogeuka kumtafuta dada yake, aproni nyeupe ilikuwa inavuka barabara peke yake.

Siku zikapita, simu haikulia. Akazishusha fito. Kila asubuhi alikaa humo bandani kwenye kigoda, anarusha punje karibu, kesho yake mbali kidogo. Siku ya tano kuku mmoja, mwenye upanga wa kichwani uliolala upande, akainua mguu, akaushikilia hewani muda mrefu, akautua. Ya tisa alikuwa anaparura, anayarusha maranda nyuma kama mwenye deni nayo, na wenzake wanamwiga. Mama Trei akashika simu amwambie dada. Akaiweka chini. Angemwambia, dada, wanatembea? Si maneno yaleyale?

Jemadari alikuja wiki ya tatu bila kubisha hodi. Alisimama mlangoni na mkoba mkononi, hakukaa, chai hakuitaka. Alitazama kuku wanavyohangaika huku na huko, akatazama sakafu.

"Leo wamechafua," akasema.

"Wamechafua, dada."

"Jikoni wananiita Jemadari wa Maranda. Wanacheka mpaka masufuria yanalia." Hakutabasamu. "Binti atakuja Alhamisi. Mimi sitasema kitu. Utavuka barabara, utasimama mbele ya wapishi wangu, utawaeleza ulichofanya, kwa mdomo wako."

"Wote?"

"Wote. Na yule wa kuosha vyombo."

Mama Trei akaitikia kwa kichwa. Alipoinua macho, dada yake alikuwa amekwisha kwenda, na kuku mwenye upanga uliolala alikuwa amesimama pale kizingitini, anachungulia nje.

Akamwacha apite. Kisha akaingia ndani kutafuta nguo ya kuvaa Alhamisi, na hakuona hata moja ya kumficha.