Mapigo Manne ya Kinu

Jumatatu saa tatu asubuhi, Kathini alikuwa nyuma ya jikoni akikoboa mahindi ya muthokoi, akiyatwanga kinuni yatoke ganda kabla ya kupikwa. Aliuachilia mchi kidogo ajifunge leso vizuri. Mchi haukulala. Ulijiinua wenyewe, ukatwanga mara nne, taratibu, kisha ukaegemea ukingo wa kinu. Kathini alihesabu, akafunika mahindi kwa ungo, akaingia ndani kumtazama mumewe. Macho ya Mwau yalikuwa ya manjano.

Mwezi huo vinu vilikuwa vikijitwanga kuanzia Mutomo hadi Migwani. Maana yake ilishajulikana: penye mgonjwa wa ini, kinu hupiga idadi ya siku alizobakiza. Kikinyamaza, mgonjwa atapona. Cha jirani yake Kaluki kilipiga mara mbili, na siku ya pili mwanawe akafa. Kathini hakukiamini kinu. Lakini siku hizo hakumwamini yeyote, na zaidi hakuyaamini mahindi. Yalikuja kwenye magunia ya msaada yaliyoshonwa kwa uzi wa buluu, yakakaa stoo kwa Muindi, mzee wa kanisa, mvua yote ya Novemba, ndipo yakagawiwa. Yalinuka uvundo. Muindi alisema wakoboe sana tu, ganda likitoka ubaya nao umetoka. Watu wakakoboa mpaka viganja vikachubuka.

Hospitalini mchana huo, Daktari Yvonne alimtoa Mwau damu, akaipima inavyoganda, akamuuliza leo ni siku gani. Mwau alisema ni siku ya harusi yake. Daktari akaingiza hayo yote kwenye kompyuta.

"Na kinu ilipiga mara ngapi, mama Nzilani?" akamuuliza Kathini.

Ambulensi ya kwenda Nairobi ilikuwa na nafasi moja, na nafasi hiyo ilikuwa ya mgonjwa anayeweza kupona.

"Haikupiga," Kathini alisema.

Daktari alimgeuzia kompyuta aone. "Hii yangu inasema siku nne. Na haijawahi kubishana na kinu hata siku moja."

"Basi hizo mbili zimepatana mahali."

"Inawezekana," daktari alisema, bila kukasirika. Akachukua fomu. Ilikuwa fomu mpya, na kati ya mstari wa damu na mstari wa mkojo palichapwa: Mapigo ya kinu. Akaandika nne. Msichana wa kitanda cha saba, ambaye kinu cha kwao kilikuwa kimenyamaza, akapakiwa kwenye ambulensi.

Kathini alifungua fundo la leso, akamwaga mezani konzi ya mahindi. Yalikuwa na ukungu wa kijani.

"Basi pima hii, daktari. Hii ndiyo alikula."

Daktari aliitazama fomu mbele, akaigeuza akatazama nyuma. "Hapa hakuna mahali pa mahindi, mama."

Kathini alishikwa na hasira. Watu hawa walitaka kuijua siku ya kufa kwa mumewe, na hawakutaka kujua alikula nini jioni. Aliyakusanya mahindi punje kwa punje, akayafunga tena.

Mwau alikufa Ijumaa alasiri, akimwita bibi harusi.

Siku ya mazishi Muindi alifika na gunia la kulisha waombolezaji. Kathini aliuona uzi wa buluu kabla gunia halijashuka kwenye bodaboda.

"Mzee, hii ni ile ile. Ndiyo iliua baba Nzilani."

"Ni msaada, mama Nzilani. Pole sana. Lakini watu wamekuja wengi na shamba ni kavu. Watakula nini?"

Kathini aliwageukia wanawake wa kanisa. "Msile hii," aliwaambia. Walimwitikia kwa huruma, wakamletea kiti. Kisha wakamimina mahindi kinuni na maji kidogo.

Kabla yeyote hajaushika, mchi ulianza. Ulipiga mara tano, ukapumzika. Ukapiga mara tatu, ukapumzika. Ukapiga mara tisa. Wanawake walisimama wamekunja mikono, wakihesabu, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Ulichukua karibu saa nzima.

"Angalau leo imetukobolea," alisema Kaluki, na akaenda kuchochea moto.

Chakula kilipoiva, Muindi alivua kofia akakiombea, sala ndefu, ya shukrani. Kathini hakufumba macho. Watu walipopanga foleni na sahani zao, mzee alivaa kofia yake na kuaga. Yeye, alisema, alikuwa ameshakula nyumbani.