Mufuko ya Finkubala mu Bahari ya Comores

Ule anasema bahari iko muzuri, bamupakize mu chombo ya mbuzi kule Comores, halafu tutaongea naye.

Mie Anaclet, nilitumika ku shemindefer, ku njia ya treni, miaka makumi tatu na mbili, nikaingia pension, nikajua sasa nitalala. Kumbe. Mutoto wangu Falonne aliolewa na munganga wa Comores, balijuana ku université hapa Lubumbashi. Beko banaikala Anjouan, moya ya bisiwa bya ile inchi. Mwaka jana alikuwa na mimba ya miezi ine, na kila kintu alikula ilirudia. Samaki, wali, ndizi, yote ilirudia. Alikonda paka bwana yake, munganga mwenyewe, akashindwa. Njo Falonne akapigia mama yake telefone:

— Mama, finkubala tu. Nikipata finkubala, nitakula.

Finkubala njo biwavi bya kukausha. Kwetu Katanga, muntu hawezi kufa njaa kama iko nayo mu nyumba. Bibi yangu Marie-Thérèse akajaza mufuko, akaishona na mukono yake, akanitazama mu macho.

— Anaclet, fikisha mufuko. Masimulizi yako uache hapa hapa nyumbani Kasungami.

Avion ilinifikisha Moroni, ku kisiwa ingine ya Comores. Pale, bateau mukubwa ya basafiri ilikuwa imeharibika, nikapata tu chombo kidogo ya matanga: kapiteni moya, magunia ya bitunguu, na mbuzi kumi na mbili. Kapiteni alisema Kiswahili ya kwao, na mahali tulishindwana, tuliingiza Kifaransa.

— Babu, bahari unaijua?

— Mie? Nilizaliwa Kilwa ya Kongo, ku ziwa Mweru! Nilikamata kasia mbele ya kukamata titi ya mama yangu. Siku moya zoruba ilinitupa paka ngambo ya Zambia, nikarudia juu ya mugongo ya mamba.

Kapiteni alicheka sana.

— Haya, baharia, basi wewe ndiye mpishi.

Sasa ile harufu, niieleze namna gani? Mbuzi ilikojoa juu ya mbao, mikojo ikashuka chini, ikachanganyika na mazout ya mashini na bitunguu yenye kuoza, na jua ikapika ile supu siku muzima. Ilikuwa inaingia mu mapua, inashuka mu koo, inaikala. Hata nilipofunga mapua, niliisikia mu meno. Mawimbi ilikuya mirefu kama cheminée ya kiwanda ya shaba ya Lubumbashi. Bon, kama nusu ya cheminée. Mbuzi moya ikanitapikia ku kiatu. Banganga ba nyama banasema mbuzi haitapikake. Bakuye kwangu, nibaoneshe kiatu.

Saa sita nikapika bukari, ugali ya kwetu. Ku Mweru, kama uko mu mutumbwi, unachota mayi pembeni, unatia ku moto, unasonga. Mukono yangu ilienda yenyewe. Nilisonga bukari ya muzuri, ya kungaa. Kapiteni akatia tonge mu kinywa. Macho ikamutoka. Akatema paka ku tanga.

— Babu! Maji umechota wapi?

— Si hapa pembeni? Iko mingi.

— Hii ni bahari!

— Kwetu tunachotaka vile vile.

— Kwenu wapi? Kwa mamba?

Tukaipatia mbuzi. Mbuzi, ile inakulaka hata kamba, ikaipa mugongo.

Asubui yake nikaenda kutazama mufuko. Mbuzi ine ililalia juu yake. Mufuko ya mutoto wangu ilikuwa ya kulowana, ya njano, ya moto-moto, na nzi ya kijani ilijaa juu kama bantu ku kilio. Nikafungua. Finkubala ilivimba, inateleza mu bidole, inanuka beberu. Lakini ingine ningeipata wapi? Ingine yote iko Katanga, na Falonne iko anangoya na tumbo ya bure.

Nikafanya vile bamama ba Kilwa banafanyaka na mihogo: nikafunga mufuko na kamba, nikaiachilia nyuma ya chombo, mayi ipite ndani. Kapiteni akashika kichwa.

— Babu, unavua papa kwa wadudu?

Asubui ile yote mufuko iliogelea. Nikaanika finkubala juu ya magunia. Ilikauka na chumvi nyeupe ku mugongo, na chini ya chumvi, ukisogeza pua, beberu alikuwa angali anakusalimia.

Tulifika Anjouan siku ya tatu. Falonne alinipokea ku mulango, mifupa ya shingo inje.

— Papa, uliileta?

Nilitaka kusema samaki papa alikula mufuko. Lakini nilipoona ile mikono yake, uongo ilikauka mu kinywa. Nikamweleza yote, moya kwa moya.

— Na mbuzi ikakutapikia ku kiatu?

— Ilitapika, mama!

— Na bukari ukapika na bahari?

— Njo vile!

— Papa weee! Hata huku masimulizi yako? Hauchokake?

Akacheka paka akaikala chini. Akaosha finkubala mara mbili mu mayi ya bomba, akaichemsha, akaikaanga na tomate na bitunguu. Nikamushika mukono.

— Falonne, mama, achana nayo. Iko na mikojo ya mbuzi, naapa.

Akavuta sahani kwake.

— Naona. Unataka uikule peke yako.

Akakula. Moya, mbili, kiganja muzima. Ilikuwa inalia mu meno yake. Mie nilitazama koo yake, nangoya irudie. Haikurudia. Akalamba bidole, akaomba bukari, akapanguza sahani paka ikangaa.

Nikatoka inje pole pole. Nikashika ukuta ya munganga na mikono mbili, nikatapika yote, paka ile nilikula Lubumbashi mbele ya kupanda avion.

Ndani sauti ikaita, ya nguvu, ya muntu mwenye kushiba:

— Papa! Nikuachie kidogo?