Halua ya Arbia Bila Rangi

Modogashe ilikuwa na njia panda moja, malori yasiyo na idadi, na halua moja. Wapishi wengine walikuwepo, lakini ukitaja halua watu waligeuza shingo upande wa jiko la Arbia, nyuma ya pale malori yanapolala. Halua yake ilikuwa nyekundu. Si nyekundu ya aibu aibu, bali ile ya kumfanya dereva anayekimbilia Isiolo akanyage breki na kuulizia bei.

Weris, binti wa kaka yake Arbia, ndiye aliyeikoroga. Alikuwa amemaliza kidato cha nne huko Garissa, akarudi nyumbani kusubiri matokeo, na kwa kuwa matokeo yalikuja kwa mwendo wa ngamia mgonjwa, akakabidhiwa mwiko. Mji mzima ukamwita Fomu Foo. Hakujali. Ulimi wake ulikuwa na makali ya kutosha kumnyoa yeyote aliyezidisha utani.

Kilichomsumbua ni Abdilatif, mtoto wa jirani yao Asli. Alikuwa na miaka minne na kichwa kigumu cha mtu wa arobaini. Siku ya Idd alikula kipande cha halua asubuhi, na kabla chai haijapoa macho yalikuwa yamevimba, shingo imejaa mabaka, naye anajikuna huku akihema kama mbuzi aliyepandishwa mlima. Haikuwa mara ya kwanza. Wanawake walisema ni jicho; mtoto mnene vile lazima amehusudiwa. Akasomewa Kurani kwenye maji, akanywa, akalala, akaamka mzima. Harusi iliyofuata akala halua, akavimba tena.

"Eeddo," Weris alimwambia shangazi yake wakiwa jikoni, "hili jicho mbona linajua ratiba ya halua?"

"Eeddo," Arbia akajibu, kwa maana kwao shangazi na mpwa huitana kwa neno hilohilo, "koroga."

Weris akakoroga, lakini macho yake yalikuwa kwenye kikaratasi kilichosokotwa ambacho shangazi yake alikifungua na kukung'uta juu ya karai. Rangi. Ilinunuliwa dukani, ikichotwa kwa kijiko kutoka kwenye gunia. Na gunia lile Weris alilifahamu. Juzi tu alimwona mama Wato, mama wa Kiborana wa nyumba ya pili, akichotewa humo humo unga wa kutia rangi nyuzi za mikeka yake, ile ya kufunikia nyumba za wahamaji.

Alitoka, akarudi na kishungi cha nyuzi nyeupe za mama Wato, akakichovya kwenye halua iliyokuwa ikitokota. Kikatoka chekundu. Akakiosha kwa sabuni, akakifikicha, akakikamua, akakianika kwenye kamba mbele ya shangazi yake. Kilibaki chekundu vilevile, kinang'aa.

"Mvua ile kubwa iliyokata barabara," Weris akasema, "ilibomoa daraja, ikasomba mbuzi, lakini mikeka ya mama Wato haikupauka. Sasa rangi hiyo ndiyo tunayowalisha watoto."

Arbia alikifikicha kile kishungi kwa vidole vyake mwenyewe. Mama yake alitumia kikaratasi kilekile, na wanawake wote aliowajua. Rangi ilikuwa rangi. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna ya mkeka na ya mdomo. Alinyanyuka, akashika karai kwa matambara mawili, akaenda kumwaga halua yote shimoni, na njiani hakutaka kusaidiwa.

Wiki hiyo Warfa, dereva wa lori, aliagizwa Garissa. Akaleta kikopo kidogo chenye picha ya keki na maandishi ya kuthibitisha kwamba rangi iliyomo ni ya chakula. Weris aliyasoma kwa sauti mbele ya majirani kama anayesoma habari redioni. "Haya, mleteni Abdilatif," akasema. "Jicho limehamishwa kituo cha kazi."

Abdilatif akala halua ya rangi mpya. Watoto wengine wakala, wakalamba vidole, wakaenda kucheza. Jioni Asli alimleta mwanawe amemwegemeza begani, shingo ina mabaka. Yalikuwa machache kuliko yale ya zamani, lakini yalikuwepo.

"Haya, Fomu Foo," akasema Arbia. Weris aliona uso wa yule mtoto aliyemwamini akafungua mdomo, akaenda kumletea maji.

Asubuhi wote wanne walikuwa zahanati. Nesi alikuwa Mkamba mwenye subira, na Arbia akamwanza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Nesi, hii mtoto iko na jicho. Mimi nabika halua miaka mingi, watu nakula, hakuna mtu nalia."

Nesi alimpima Abdilatif, akauliza anachokula siku zote, akasikiliza habari ya mkeka bila kucheka. "Ile ya mkeka msiirudie kabisa," akasema. "Haikutengenezwa iingie tumboni. Hii ya kopo ni nyingine. Watoto wengi wanaila, hawapati neno. Wako wanaosema inawafanya watoto wasitulie, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. Lakini kuna wachache ambao mwili unaikataa, na naona huyu ni mmoja wao. Asipewe tena."

"Kwa hiyo ni mbaya au si mbaya?" Weris akauliza.

"Kwa nani?" nesi akamuuliza, akampa vidonge vya kuzuia kujikuna.

Njiani Weris alilitafuna lile swali. Alitaka jibu la mtihani, la kuwekewa alama ya vema, naye amepewa mtoto mmoja mwenye shingo yake. Basi ataanzia hapo.

Tatizo ni kwamba Ikran, mdogo wake Asli, alikuwa anaolewa. Siku ya shaash saar ilikaribia, pale wanawake hukusanyika kumfunga bi harusi kitambaa cha mke wa mtu, na halua ya Arbia ilishaagizwa. Asli alisema atamwacha Abdilatif nyumbani kwa bibi yake, mlango umefungwa.

"Ni harusi ya habaryar yake, mama yake mdogo," Weris akasema. "Mtoto afungiwe kama kondoo kwa sababu ya kikopo? Ibadilike halua."

"Halua isiyo na rangi, mbele ya Rukiyo?" Arbia akauliza taratibu.

Hapo palikuwa pagumu. Rukiyo alikuwa bingwa wa buraanbur, yale mashairi ambayo wanawake huyatunga papo kwa papo harusini huku ngoma ikipigwa. Akikusifu, umeoga marashi. Akikubandika jina, utazikwa nalo. Kulikuwa na mzee aliyemwaga maziwa ya wageni mara moja tu ujanani, Rukiyo akamtungia, na wajukuu zake wanaitwa watoto wa Mwaga-Maziwa mpaka leo.

"Eeddo, sukari Abdilatif anakula," Weris akasema. "Samli anakula. Iliki imo kwenye chai yake kila siku. Wanga anakula. Kilichobaki ni rangi peke yake. Tukiitoa, nani atadhurika?"

"Mimi," akasema Arbia.

Weris hakuendelea kubishana. Asubuhi ya kupika, Arbia aliingiza mkono nyuma ya gunia la sukari kutafuta kikopo, asikikute. Alipotoka nje alimkuta mama Wato ameinamia chungu chake cha nyuzi, amekunja uso, na kikopo kitupu kiko miguuni pake.

"Arbia, huyu binti yako kaniletea rangi gani?" mama Wato akalalamika. "Ukiisuuza tu, inatoka. Mnawalisha watu rangi dhaifu hivi?"

Arbia alirudi jikoni. Alimtazama mpwa wake, ambaye alikuwa anakoroga kwa bidii ya malaika. Akavuta pumzi, akachukua sukari, akaiunguza kidogo kwenye sufuria mpaka ikawa kahawia, akaimimina kwenye karai. "Tukifa, tufe tunanukia," akasema.

Halua ilipopitishwa mbele ya wanawake ilikuwa na rangi ya ngamia. Minong'ono ikapungua, ikaisha. Rukiyo akavuta ngoma karibu, akatabasamu, na kila mtu akajua shairi linakuja.

"Semeni, enyi dada, kwa Arbia kuna msiba?
Halua imetoka bila wanja, bila hina."

Nyumba ikaangua kicheko. Arbia aliinamisha kichwa. Weris akasimama, jambo ambalo msichana wa umri wake hafanyi mbele ya Rukiyo, akamshika Abdilatif mkono, akamleta katikati. Pembeni mwa mtandio wake alikuwa amefunga kidonge cha nesi, na kile kifundo alikuwa amekibana ndani ya kiganja.

"Habaryar, ngoma ipumzike kidogo," akamwambia Rukiyo kwa heshima. "Nyote mnaijua shingo hii. Mmeiona ikivimba kabla chai haijapoa. Basi mimineni chai, tuitazame shingo."

Akamtazama Asli. Asli alikuwa amepauka, lakini aliitikia kwa kichwa. Abdilatif akapewa kipande, akala. Chai ikamiminwa, na umati wa wanawake waliovaa dhahabu na hariri ukakaa ukitazama shingo ya mtoto. Chai ikanywewa, vikombe vikabaki na majani chini. Abdilatif akaomba kipande kingine. Akaomba na kingine. Mwishowe akachoka kutazamwa.

"Nimeota ndevu?" akauliza.

Asli alimvuta, akamgeuza, akafunua kola, akapitisha vidole kwenye shingo laini, kavu, isiyo na baka hata moja. Akamkumbatia. Hapo ndipo Weris alipoachia kile kifundo.

Rukiyo alionja halua, akatafuna, akaonja tena. Kisha akaigonga ngoma.

"Nilidhani ni msiba, kumbe ni uso ulionawa.
Mpigieni Arbia vigelegele, Arbia Bila-Rangi."

Vigelegele vikapigwa, na jina likabandikwa hapohapo. Kabla jua halijazama, mwanamke mmoja aliyetoka Hadado alikuwa ameshaagiza halua ya Bila-Rangi kwa harusi ya bintiye, na mwingine alikuwa anauliza kama ile nyekundu bado inapatikana. Arbia akamwambia hapana, wala hakumwangalia mpwa wake alipolisema hilo.

"Umenipatia jina mpaka kaburini," alimnong'oneza baadaye.

"Eeddo, ulitaka uitwe Mikeka?"

Arbia alifikiria jambo hilo kwa makini.

"Nenda kaoshe karai," akasema.