Jiliwa la Mzee Xavery

Tangu mkono wa kushoto wa mumewe ulegee, Rozalia ndiye aliyekuwa akishika mbao. Mzee Xavery akipiga randa, yeye huuegemea ubao kwa viganja na tumbo ili usicheze, mpaka mgongo unawaka moto. Maharage yake ya bondeni yalikuwa yamemezwa na magugu, na pale kijijini Bisibo mwanamke mwenye shamba la namna hiyo husemwa hata na wapita njia. Hakulalamika. Alichoka tu, uchovu ule ambao unalala nao, na ukiamka unaukuta umekutangulia kuamka.

Happy, binti yao aliyeolewa Biharamulo mjini, alikuja akaiona hali ile. Baadaye akatuma jiliwa kwa bodaboda, limefungwa kwenye gunia. Lilikuwa jiliwa la kubania mbao, ila la namna mpya, lenye kipini kidogo karibu na mpini mkubwa. Dereva akaeleza kama alivyoagizwa: ukikiminya kipini, taya la mbele linateleza ukilisukuma mpaka kwenye ubao. Ukikiachia, unazungusha mpini kidogo tu, limeshauma. Mkono mmoja unatosha.

Rozalia alilitazama. Hilo likifanya kazi, yeye ameachiwa.

Sasa kwa kina Xavery, chuma kipya hakianzi kazi kikavu. Iwe jembe, iwe shoka, hupakwa samli na kulazwa ndani usiku wa kwanza, kikaribishwe. Mzee akalipaka jiliwa samli juu na chini, bila kubakiza mahali, kisha jirani akamsaidia kulifunga mezani.

Mwanzoni liliuma vizuri, na Rozalia akapata asubuhi kadhaa za kupalilia. Halafu likaanza kuteleza. Ukizungusha mpini linalia *ka*, na taya linarudi nyuma. Luhende, aliyeagiza mlango, alipopita kuuangalia alikuta ubao umeanguka chini.

“Mzee wangu, hili lako ni kibogoyo,” akasema, akaenda zake anacheka.

Xavery hakucheka. Alisema Happy ameuziwa kitu feki, kesho kirudishwe mjini, na jembe la mkewe akalitegemeza ukutani yeye mwenyewe. Rozalia akarudi kushika mbao.

Mchana, mzee alipojinyoosha baada ya kula, Rozalia alijilaza chali kwenye maranda chini ya meza. Hakuwa na nia ya kutengeneza chochote. Mgongo ulitaka ardhi, na ardhi ya karibu ilikuwa hiyo. Macho yake yakaangukia tumbo la jiliwa.

Akanyoosha mkono, akakiminya kipini. Juu yake kitu kikasogea. Ilikuwa nati, lakini nusu nati, imeikumbatia parafujo upande mmoja tu. Akiminya, inaachia, na taya linakwenda litakako. Akiachia, springi inairudisha ishike meno ya parafujo. Akarudia, akarudia tena. Safari hii aliona nati hairudi mpaka mwisho. Kati ya meno palikuwa pamejaa uji mzito wa rangi ya udongo: samli na unga wa mbao.

Akachukua mafuta ya taa na unyoya wa kuku, akasugua taratibu, jino kwa jino. Xavery alipotoka ndani alimkuta bado yuko chini.

“Samli ya baba yangu haijawahi kuharibu chuma,” alisema, baada ya kuelezwa.

“Jembe halina koo, Baba Happy. Hili lina koo, na umelilisha likapaliwa.”

Mzee akaweka ubao kwa mkono wake mzima, akauegemeza kwa paja, akaminya, akasukuma, akazungusha. Jiliwa likauma. Akautikisa ubao, haukutikisika. Alichukua randa.

Rozalia alikwenda akaketi kizingitini. Randa ikaenda, ikarudi, halafu ikanyamaza.

“Mama Happy, njoo ushike,” mzee akaita, kwa mazoea.

“Umeshashikwa huo.”

Randa ikaendelea. Rozalia alitaka kuinuka aende bondeni, jua lilikuwa bado lipo. Badala yake akaegemeza kichwa kwenye fremu ya mlango, na mchana ule ule, watu wakipita barabarani na kumwona, akasinzia.